Shamba la sola, mapaa ya viwanda au mto: kipi kinaigharimu ardhi ya Nyanda za Juu Kusini kidogo zaidi?

Kijiji kikiombwa ekari 250 kwa ajili ya shamba la umeme wa jua, swali la kwanza mkutanoni huwa la fidia na la pili huwa la ajira. Yote mawili ni maswali ya haki. Hata hivyo, lipo swali linalopaswa kuyatangulia: ardhi hii inafanya kazi gani leo, na ikishazungushiwa uzio kwa miaka 25, kazi hiyo itakwenda kufanyiwa wapi? Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa halmashauri za vijiji, madiwani na wenye viwanda vya Iringa, Njombe na Mbeya ambao watatakiwa kuchagua, au angalau kutoa maoni, kati ya shamba kubwa la paneli ardhini, paneli za juu ya mapaa, na mabwawa ya maji ambayo kwa miaka mingi ndiyo yaliyoibeba gridi yetu.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji aupime njiani. Hesabu ya hekta kwa megawati, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi katika mijadala hii, ni hesabu ya kweli lakini haitoshi kuamulia. Hekta mbili za bondeni zinaweza kuwa hasara kubwa kuliko hekta mia za mteremko uliokwisha kuchoka.

Hekta kwa megawati

Shamba la paneli zilizosimikwa ardhini, pamoja na njia za ndani, nafasi kati ya safu na safu, vyumba vya inveta (vifaa vinavyougeuza umeme wa paneli ufae gridini) na kituo cha kupozea umeme, huchukua takriban hekta 2 kwa kila megawati. Kituo cha Garissa nchini Kenya, kilichozinduliwa mwaka 2019, kina takriban megawati 50 katika hekta 85. Benban, karibu na Aswan nchini Misri, ina takriban megawati 1,650 katika kilomita za mraba 37, na ukigawanya unapata hekta 2 na ushei kwa megawati. Kwa kipimo hicho, kituo cha megawati 50 mkoani Iringa, yaani chenye ukubwa sawa na awamu ya kwanza ya kile cha Kishapu mkoani Shinyanga, kingehitaji kama hekta 100, ambazo ni ekari 250 hivi.

Linganisha na Mtera. Bwawa hilo, linalopakana na Iringa na Dodoma, likijaa hufunika takriban kilomita za mraba 600, nalo lina mitambo ya megawati 80. Ni haki kuongeza kwamba Mtera hulitunzia maji bwawa la Kidatu lenye megawati 204, kwa hiyo tuyahesabu yote mawili pamoja. Hata hivyo tunapata zaidi ya hekta 200 kwa megawati moja, mara mia ya kile kinachochukuliwa na paneli. Mwenye hoja atasema kwamba megawati ya jua hailingani na megawati ya maji, kwa sababu paneli hulala usiku na hufifia kukiwa na mawingu, hata wastani wa mwaka mzima ukawa kama moja ya tano tu ya uwezo wake ulioandikwa. Hoja hiyo ni sahihi, na inapunguza tofauti kwa mara mbili au tatu, lakini haiifuti.

Sasa itazame Kihansi, palipokutana Udzungwa na bonde la Kilombero. Kituo hicho kina megawati 180, na bwawa lake ni kama hekta 26 tu. Kwa hesabu ya hekta peke yake, hakuna kituo kikubwa cha maji nchini kinachokaribia usafi wake. Lakini maporomoko ya Kihansi yalikuwa yakirusha manyunyu yaliyolowesha majani ya korongoni katika eneo la takriban hekta 2, na katika manyunyu hayo aliishi chura mdogo wa manjano, aliyegunduliwa mwaka 1996, ambaye hakuonekana mahali pengine popote duniani. Maji yalipogeuzwa kuingia kwenye mitambo, manyunyu yakakoma. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini, na kama vyura wachache wasingechukuliwa mapema kwenda kutunzwa Marekani, leo asingekuwapo kabisa. Walirudishwa korongoni kuanzia mwaka 2012, na mpaka sasa wanategemea mabomba yanayonyunyiza maji badala ya maporomoko. Hasara yote hiyo ilitokea katika eneo ambalo ni dogo kuliko viwanja viwili vitatu vya mpira, na jedwali la hekta kwa megawati lisingeweza kuionyesha.

Ardhi inayoitwa tupu

Msanifu wa shamba la sola hutafuta mambo manne: ardhi tambarare, jua la kutosha, barabara, na njia ya umeme iliyo karibu. Katika kanda yetu, vigezo hivyo vinaelekeza kidole kwanza kwenye uwanda wa Usangu, ambao ni tambarare, una jua kali, unapitiwa na barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, na uko jirani na njia ya umeme inayounganisha Iringa na Mbeya. Kwenye ramani, maeneo mapana ya Mbarali yanaonekana kama nyasi zisizo na mwenyewe.

Yana wenyewe, na wako wengi. Mfugaji hupitisha ng'ombe hapo baada ya mavuno, mkulima wa mpunga huyaacha maji yatandae hapo wakati wa masika, na bwawa la asili la Ihefu, ambalo huulisha Mto Ruaha Mkuu, linategemea maji yanayoshuka kupitia humo. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi katika sehemu inayopita hifadhini. Wafugaji waliondolewa kwa wingi mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Maana yake ni kwamba malisho yaliyobaki nje ya hifadhi yanabeba mzigo mkubwa kuliko zamani, na kila hekta mia inayozungushiwa uzio huwasukuma ng'ombe kwenda kwenye kingo za mito au kwenye mpunga wa mtu mwingine. Huko ndiko ugomvi unakozaliwa, na mwenye kuweka paneli hatakuwapo siku ya ugomvi huo.

Nyasi za juu nazo zinadanganya macho. Uwanda wa Kitulo, ulioko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari kati ya Makete na Mbeya, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, na kwa mgeni aliyefika kiangazi ungeonekana kuwa malisho makavu tu. Nje ya mipaka ya hifadhi zipo nyasi za aina hiyo hiyo ambazo hazina ulinzi wowote. Kusimika paneli huko, ambako pia ukungu na mawingu ni vya kila siku wakati wa mvua, kungekuwa kupoteza mambo mawili kwa mpigo.

Kuna pia vinyungu. Mtu wa Mufindi au Njombe hahitaji kuelezwa, lakini mpimaji atokaye mbali huenda asivione, kwa kuwa ni vibustani vyembamba vya mabondeni vinavyolimwa kiangazi kwa unyevu wa chini, ambavyo huzaa mahindi mabichi, mboga na viazi wakati vyakula vya juu vimekwisha. Shamba la sola halitakaa ndani ya kinyungu, kwa sababu pana tope, lakini linaweza kukaa juu yake mteremkoni, na hapo ndipo maji ya mvua yanapoleta shida.

Ukisimama kando ya safu ya paneli mvua kubwa ikinyesha utaelewa jambo hili mara moja. Maji hayaangukii udongo kila mahali, bali hukusanyika juu ya kioo na kudondoka yote kwenye ukingo wa chini, kwa mstari mmoja ulionyooka, mvua baada ya mvua, mpaka mstari huo unakuwa mfereji. Kama udongo ulisawazishwa kwa greda na majani yakang'olewa, mfereji huo unakuwa korongo dogo msimu wa pili, na udongo mwekundu unateremka kwenye vinyungu, kisha mtoni, kisha Mtera. Tiba yake si ghali: nyasi ziachwe au zioteshwe upya kabla ya mvua za Novemba, nguzo zipigwe bila kusawazisha mteremko wote, safu zifuate kontua kama makinga maji yanavyofanya, na kondoo waruhusiwe kulisha chini ya paneli badala ya dawa ya kuua magugu kupulizwa. Morogoro, na Kajiado nchini Kenya, yamefanyika majaribio ya kulima mboga chini ya paneli zilizoinuliwa, kwa hoja kwamba kivuli hupunguza kiu ya mimea. Kuinua paneli huongeza gharama ya vyuma, lakini kijiji chenye uhaba wa ardhi kina haki ya kuliweka jambo hilo mezani.

Mahali ambapo ningeshauri watafutaji waangalie kwanza ni ukanda mkavu wa Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa. Huko mvua ni chache, jua ni la uhakika zaidi kuliko Rungwe au Mufindi, sehemu ya udongo ilichoshwa na kilimo cha mahindi miongo mingi iliyopita, na njia kuu ya umeme inayotoka Iringa kwenda Dodoma na Shinyanga haiko mbali. Hali ya hewa nayo ina faida ambayo haitajwi sana: paneli hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25, kwa hiyo jua kali lenye hewa ya baridi ya Iringa ni bora kwake kuliko jua kali lenye joto. Lakini anayekwenda Isimani aende akijua historia. Ni huko ambako siku ya Krismasi ya mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima katika ugomvi uliotokana na mashamba kuingizwa kwenye ujamaa. Ardhi iliyochoka bado ina wenyewe, na wenyewe hao wana kumbukumbu.

Maji, ambako shamba kubwa lina hoja nzito

Paneli za kawaida hazihitaji maji ya kupoza. Zinahitaji kuoshwa, na Usangu au Isimani, upepo wa Agosti na Septemba unapopuliza vumbi, zitahitaji kuoshwa zaidi. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na skimu yoyote ya umwagiliaji, ila kijiji kiulize maji hayo yatatoka kwenye kisima gani, kwa sababu kiangazi ndicho kipindi kile kile ambacho akina mama wanapanga ndoo kisimani.

Kwa upande wa pili, ipo faida ambayo mapaa peke yake hayawezi kuitoa kwa ukubwa huo. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba, mito yetu hupungua na anga huwa jeupe. Umeme wa jua ukiingia gridini mchana, Mtera na Kidatu wanaweza kuyabana maji yao hadi jioni, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa. Bwawa linakuwa betri ya sola bila mtu kununua betri hata moja. Tunaokumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na wa 2011, uliosababishwa na mabwawa kukauka, hatuwezi kuidharau hoja hii. Hata leo, ambapo Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limeongeza umeme mwingi, ni lile lile bonde la Rufiji linalopokea maji ya Ruaha Mkuu. Mwaka wa ukame ni mwaka wa ukame kwa wote.

Mapaa

Paa halihamishi ng'ombe wala halikati mti. Paneli za kilowati moja huhitaji kama mita za mraba 5 au 6, kwa hiyo kiwanda chenye bati la mita za mraba 3,000 linalotazama vizuri kinaweza kubeba takriban nusu megawati. Kanda yetu ina wateja wa mchana wanaofaa sana: viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe, mashine za kukoboa mpunga za Ubaruku na Chimala, viwanda vya mbao vya Mafinga, maghala ya parachichi ya Njombe. Hawa hutumia umeme jua likiwa juu, hawahitaji betri kubwa, na umeme wao haupiti kwenye njia ndefu inayoupoteza.

Vikwazo vipo. Gharama ya kila wati juu ya paa huwa kubwa kuliko kwenye shamba kubwa, kenchi zilizojengwa kwa mbao nyembamba zinaweza kushindwa na uzito wa zaidi ya kilo 10 kwa mita ya mraba, na bati lenye kutu lapaswa kubadilishwa kabla, si baada. Na mapaa ya viwanda vichache hayatafikia megawati 50. Anayesema mapaa yatatosheleza mahitaji yote ya gridi hasemi kweli.

Sola za majumbani zina dosari yao ya mazingira, nayo ni betri. Betri za risasi hudumu miaka michache tu, kisha huuzwa kwa kilo. Mara nyingi zinaishia kwa mtu anayezipasua kwa shoka nyuma ya nyumba, akamwaga tindikali ardhini, na kuyeyusha risasi kwenye sufuria ambayo watoto wanacheza karibu yake. Sumu ya risasi huharibu ubongo wa mtoto, na haitoki udongoni. Nikiambiwa nichague kati ya hekta 100 za paneli zisizo na betri, zilizosimikwa mahali sahihi, na maelfu ya betri za risasi zisizo na mfumo wa kuzikusanya, sitasita kuchagua hizo hekta 100. Betri za lithiamu zinadumu zaidi na hazina risasi, ingawa bei yake ya kununulia bado inawashinda wengi.

Upepo na jotoardhi, kwa ufupi

Mufindi tayari ina mitambo midogo ya upepo inayosaidiana na kituo cha maji cha Mwenga, na Makambako inajulikana kwa upepo wake. Mnara wa upepo huchukua msingi wake na barabara ya kuufikia, na mahindi huendelea kulimwa mpaka miguuni pake; kwa ardhi, hilo ni jambo zuri kuliko shamba la sola, japo ndege wakubwa wako hatarini. Jotoardhi, inayotafutwa karibu na Ziwa Ngozi, ingehitaji eneo dogo na kutoa umeme usiku na mchana, lakini Ngozi imo katika msitu wa Poroto, ambao ni chanzo cha maji, na uchimbaji wake unadai uangalifu wa pekee.

Hewa ya ukaa na taka

Kwa hewa ya ukaa hakuna ubishi mkubwa. Tathmini ya jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba, ukihesabu tangu kutengeneza vifaa mpaka kuvifunga, shamba kubwa la sola hutoa takriban gramu 48 kwa kila uniti ya umeme na paneli za mapaa gramu 41, wakati makaa ya mawe hutoa takriban gramu 820. Tofauti kati ya paa na shamba ni ndogo mno kuwa sababu ya kuchagua. Tofauti kati ya sola na makaa, ambayo yamo pia katika ardhi ya kusini kwetu, ni kubwa mno kupuuzwa.

Taka ni jambo jingine. Paneli hudumu miaka 25 hadi 30, na sehemu kubwa ya uzito wake ni kioo, ikifuatiwa na fremu ya alumini. Ndani yake kuna silikoni, fedha kidogo, na mara nyingi risasi kwenye viungio. Wakala wa Kimataifa wa Nishati Jadidifu ulikadiria mwaka 2016 kwamba kufikia 2050 dunia inaweza kuwa na tani milioni 78 za paneli zilizokwisha muda. Hapa shamba kubwa lina nafuu kwa sababu paneli zake zote ziko mahali pamoja na zina mmiliki mmoja anayeweza kudaiwa, ilhali za mapaa zimetawanyika.

Nikichagua mimi

Kwa mwenye kiwanda kinachofanya kazi mchana, aanze na paa lake, asingoje shamba la mtu. Kwa gridi, shamba la ardhini lina nafasi yake, nami naliunga mkono kuliko bwawa jipya, ilimradi liwe kwenye ardhi iliyochoka, karibu na kituo cha umeme kilichopo. Njia mpya ndefu ya umeme huongeza mkuza, yaani ukanda unaoachwa wazi chini ya nyaya, ambamo hakuna msindano wala mparachichi utakaoruhusiwa kukua, na wenye miti ya Mufindi na Njombe wanaijua hasara hiyo. Kingo za Ihefu, miteremko iliyo juu ya vinyungu, na nyasi za juu za Makete ziachwe, hata mwekezaji akiahidi mara mbili ya fidia.

Kijiji kina nguvu kuliko kinavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kwamba ardhi ya kijiji isiyofikia hekta 250 isihamishwe bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, na kwamba aina, kiasi na muda wa kulipa fidia vikubaliwe kabla ya uhamisho. Shamba la hekta 100 liko chini kabisa ya kiwango hicho, kwa hiyo uamuzi ni wa wanakijiji, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inawapa nafasi ya kusikilizwa katika tathmini ya athari. Katika nafasi hiyo wadai ramani inayoonyesha njia za ng'ombe, visima, vinyungu na mahali pa kuokota kuni na uyoga, kwa sababu fidia hulipwa kwa shamba lenye mwenyewe na mara nyingi haimkumbuki mama aliyekuwa akipata kuni kwenye ardhi ya wote. Na wadai kwamba gharama ya kung'oa nguzo, kuondoa paneli na kurudisha udongo iandikwe mkatabani, fedha zake zikitengwa benki tangu mwaka wa kwanza wa uzalishaji, maana kampuni iliyopo leo inaweza kuwa imeuzwa mara tatu kabla ya mwaka wa 25.